Tuwaite Vijana Kabla ya Mchoro, Siyo Baada Yake

Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika na wafadhili, Buswelu, Manispaa ya Ilemela, Mwanza

 

Tunaomba tuanze na vijana waliosimama mlangoni. Viti vya mbele viko wazi, na wao wamesimama. Hakuna aliyewafukuza. Lakini pia hakuna aliyewaambia kwamba viti vile ni vyao. Mada tuliyopewa leo ni ushirikishwaji wa vijana katika kupanga upya eneo la wazi la mtaa wetu liwe bustani ya mapumziko na michezo, na sisi tunaona kwamba mada yenyewe imekwisha kujieleza pale mlangoni.

Ninyi nyote mnafahamu hatua tuliyofikia. Serikali ya mtaa imekubali eneo liendelezwe. Sharika zimechanga, na baadhi yenu mmeuza kuku na mikungu ya ndizi kwenye minada baada ya ibada ili fedha zipatikane. Wafadhili wetu wameahidi kuongezea. Fundi ametuchorea mchoro mzuri wa rangi, nao umebandikwa ukutani hapo. Leo mchana kamati zitaombwa kuidhinisha malipo ya awamu ya kwanza.

Ndugu wapendwa, tumekuja na ombi ambalo huenda lisiwapendeze wote. Tunaomba mchoro ule usianze kujengwa. Tunaomba miezi mitatu ya kuupitia upya pamoja na vijana wa mtaa huu, na tunaomba fedha kidogo za kufanyia kazi hiyo. Tutaeleza kwa nini.

Buswelu imebadilika

Wazee waliopo hapa wanakumbuka Buswelu ya mashamba na machungio, mtu akitoka mjini kuja huku anasema anakwenda shamba. Mwanza ikapata hadhi ya jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa inayojitegemea, na makao yake makuu yakawekwa hapa Buswelu. Ofisi zikaja, barabara zikaja, viwanja vikapimwa, nyumba zikaota kati ya majabali kama uyoga baada ya mvua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 340,000 katika Ilemela. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya laki tano. Nchini kote, watu wenye umri wa miaka 15 hadi 35, ambao Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inawaita vijana, ni theluthi moja hivi ya Watanzania wote.

Watu wakiongezeka, ardhi haiongezeki. Palipokuwa na nafasi ya kuchezea panakuwa kiwanja cha mtu. Hapo ndipo eneo la wazi linapokuwa mali adimu. Nalo lina adui mmoja mkubwa kuliko wote, yaani kuonekana halina mwenyewe. Ni kweli kwamba matumizi ya ardhi yaliyoonyeshwa kwenye mchoro wa mipangomiji hayabadilishwi kwa maneno ya mtu mmoja, na kwamba kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Lakini karatasi peke yake hailindi uwanja. Uwanja hulindwa na watu ambao siku ukichukuliwa watauliza umekwenda wapi.

Wenzetu wa Nairobi wanalijua hilo. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga. Alitukanwa, akabezwa, lakini hakunyamaza, na mwishowe mradi ukaachwa. Miaka 15 baadaye dunia ikampa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisi hatuna Wangari wa kutulindia kila kiwanja cha Ilemela. Tunao vijana wanaokitumia kiwanja kila siku. Swali ni kama watakiona ni chao au ni chetu.

Kosa tulilolifanya sisi

Hatusemi haya kama watu wasiokosea. Miaka kadhaa iliyopita tulisimamia bustani katika kata nyingine ya mji huu, ambayo tunaomba tusiitaje. Kamati ya watu wazima ilikaa ofisini, ikachagua maua, benchi za saruji, uzio wa waya na geti. Mchoro ulipokamilika tukawaita vijana. Tukawapa fulana na majembe, wakachimba mashimo ya miti Jumamosi moja, tukapiga picha, tukanywa soda. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika kwamba vijana walishirikishwa kikamilifu.

Kabla ya masika ya pili kwisha, mbuzi walikuwa wamemaliza miche. Waya wa uzio ulikatwa na kubebwa. Njia ya mkato ilipita katikati ya maua kama vile maua hayakuwapo. Geti lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa nyumbani kwa mzee mmoja mwema ambaye mara nyingi alikuwa shambani.

Tuliwakasirikia vijana. Tulisema hawana shukrani. Ndipo mwinjilisti wa pale akatushauri tukakae nao kijiweni bila daftari. Tulikwenda. Walitueleza kwa upole, na upole ule ndio uliotuuma, kwamba pale palikuwa uwanja wao wa mpira tangu wakiwa wadogo. Sisi tuliuchukua, tukawapa maua ambayo hawakuyaomba, kisha tukawaita wachimbe mashimo kwenye uwanja wao wenyewe. Hawakung'oa uzio kwa sababu ya ubaya. Waliung'oa kwa sababu ulikuwa umesimama mlangoni kwao.

Fedha zile zilikuwa sadaka. Zilitoka kwa watu kama ninyi. Hatukuiba hata shilingi, na stakabadhi zote zipo. Hata hivyo zilipotea.

Kushirikishwa ni nini hasa?

Mwaka 1992 mtaalamu aitwaye Roger Hart aliliandikia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, maelezo juu ya ushiriki wa watoto na vijana. Aliufananisha ushiriki na ngazi yenye vipago vinane. Vipago vitatu vya chini, alisema, si ushiriki kabisa. Katika cha kwanza kijana anatumiwa na watu wazima kwa shabaha zao. Katika cha pili yeye ni pambo: amevaa fulana, anaimba, na hajui anaimbia nini. Katika cha tatu anawekwa mbele kwa jina tu, anaulizwa maoni ambayo hayaendi popote. Sisi na fulana zetu tulikuwa kwenye kipago cha pili, na tuliandika taarifa ya mtu aliyefika juu.

Jambo la kuwatuliza wazee wetu ni hili. Kipago cha juu kabisa katika ngazi ile si pale vijana wanapoamua peke yao. Ni pale wanapoanzisha jambo wao, kisha wakaamua pamoja na watu wazima. Kwa hiyo hatuombi wazee wakae kando. Tunaomba wakae meza moja na vijana, mapema.

Aidha, hili si jambo la hiari tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mtoto wa darasa la sita anayecheza pale kila jioni ana haki katika mchoro ule kama sisi tuliovaa tai.

Ofisini kwetu tumejiwekea kipimo kimoja rahisi, na tunawapa ninyi pia mkitumie. Tunauliza: Ni kitu gani kwenye mchoro kimebadilika kwa sababu ya neno la kijana? Kama hakuna, basi hatukuwashirikisha, hata kama walihudhuria mia moja na kusaini karatasi ya mahudhurio.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni, wala si la nchi tajiri tu.

Kule Kibera, Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanza mwaka 2006, limefanya kazi na wakazi kugeuza sehemu zilizoachwa kando ya mto kuwa viwanja vya jamii. Eneo lao la kwanza lilikuwa kando ya Mto Ngong, mahali pa kutupia takataka na penye mafuriko. Wakazi ndio waliosema kinachohitajika, na walichosema hakikuwa maua. Walitaka kingo za mto ziimarishwe, maji ya kununua karibu, mahali pa kukutania, pa kuchezea watoto, na shughuli za kuwapatia kipato. Vikundi vyao vyenyewe huendesha maeneo hayo, na kipato kidogo kinachopatikana husaidia kuyatunza.

Kibera hiyo hiyo, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa liliwakusanya vijana wapange upya uwanja wa Silanga kwa kutumia mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambao mchezaji hujenga kwa kupanga matofali kwenye skrini. Mpango huo unaitwa Block by Block, nao ulianza mwaka 2012. Faida yake tunaiona hapa: kijana asiyethubutu kusimama mkutanini mbele ya wakubwa anaweza kuonyesha wazo lake kwa kulijenga. Wala kompyuta si sharti. Tutaeleza baadaye namna ya kufanya hivyo kwa majivu na kamba.

Dandora, pia Nairobi, ni mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Nyua hizo zilijaa takataka na hofu. Katika miaka ya 2010 vijana wa pale walianza kusafisha ua mmoja mmoja, kupanda miti, kupaka rangi, kulinda magari ya wakazi kwa mchango mdogo, na baadaye nyua zikashindanishwa kwa usafi na uzuri. Kikundi kimoja kilijiita Mustard Seed, ndiyo ile punje ya haradali tunayoihubiri. Tunataka mlione jambo moja pale: vijana wale hawakusubiri eneo kubwa wala mchoro wa rangi. Walianza na ua mmoja walioupitia kila siku.

Mfano wa mwisho unatoka mbali, Vienna, Austria, lakini unatuhusu kuliko yote. Miaka ya 1990 wataalamu wa jiji lile waligundua kwamba wasichana wakifika umri wa miaka tisa au kumi hivi walikuwa wanatoweka kwenye bustani za umma, wakati wavulana wanabaki. Sababu haikuwa kwamba wasichana hawapendi michezo. Palikuwa na uwanja mmoja mkubwa, umezungushiwa uzio, una mlango mmoja. Wavulana wakiushika, wasichana hawagombani nao, wanaondoka. Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya Margareten zilipangwa upya. Milango ikaongezwa, uwanja ukagawanywa sehemu ndogo ili makundi mbalimbali yacheze kwa wakati mmoja. Wasichana wakarudi. Hawakuhubiriwa. Uzio ulibadilishwa.

Tumeona nini hapa Buswelu

Kabla ya kuja kwenu tulikaa kwenye eneo letu kwa siku chache, saa mbalimbali, tukitazama. Tunaomba mtutembelee nalo kwa mawazo. Upande wa juu kuna majabali, na watoto wanateleza juu yake mpaka kaptula zinatoboka. Katikati kuna uwanja wa mpira wenye magoli ya miti. Chini ya mwembe kuna vijana wa bodaboda wakicheza drafti kwa visoda. Kando kuna njia ya mkato wanayopita wanafunzi na kina mama wenye ndoo. Kwenye kona iliyopakana na mtaro hakuna mtu, pananuka.

Sasa tuutazame mchoro ulioko ukutani. Majabali yanapasuliwa ili pawe tambarare. Uwanja wa mpira haupo. Mwembe upo, lakini chini yake pamewekwa jiwe la ufunguzi. Njia ya mkato imezibwa kwa ukuta. Katikati kuna chemchemi ya maji ya kuruka juu, katika mtaa ambao kina mama wanapanga foleni ya ndoo. Na ile kona inayonuka imepakwa rangi ya kijani. Fundi hana kosa. Alichora kile alichoambiwa, na tuliomwambia ni sisi.

Wasichana tuliwaona wakipita. Hatukumwona hata mmoja amekaa. Tulipomuuliza binti mmoja wa sekondari, alijibu kwamba yeye hajawahi kukaa pale, anapita tu, tena kwa haraka jua likishuka. Aliongeza kwamba wangependa kucheza rede na netiboli, ila hawana sehemu, na hakuna choo. Neno choo halimo kwenye mchoro wetu.

Tusiwafanye vijana kuwa malaika. Wavulana waliposikia habari za bustani walitaka eneo lote liwe uwanja wa mpira. Wengine walitaka kibanda umiza cha kuonyeshea mpira wa Ulaya, na meza ya pool. Mengine tutayakataa. Lakini kukataa pia ni sehemu ya kushirikisha, ikiwa sababu inatolewa wazi na aliyeomba anaruhusiwa kuijibu. Kijana huvumilia kukataliwa. Asichovumilia ni kuulizwa halafu asisikie tena.

Tunachopendekeza kifanyike kwa miezi mitatu

Kwanza, kuhesabu. Vijana wenyewe, wavulana kwa wasichana, wakae na daftari kwa wiki moja: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa moja usiku. Waandike nani yupo, anafanya nini, amekaa wapi. Tutajua eneo linatumikaje kabla ya kuamua litumikeje.

Pili, matembezi. Wasichana watembee eneo lote jioni pamoja na mama wanayemwamini, bila wavulana, na waonyeshe kwa kidole mahali wanapoogopa na kwa nini. Utaratibu huu ulianzia Toronto, Kanada, mwaka 1989, na umetumika katika miji mingi. Baada yao watembee wazee, kisha watu wenye ulemavu. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ataona mawe ambayo sisi hatuyaoni.

Tatu, majivu na kamba. Badala ya kuchora kwenye karatasi, tuchore ardhini kwa kipimo halisi. Kamba iwe ukuta, majivu yawe njia, matofali mawili yawe benchi. Tuache hivyo kwa wiki mbili, watu waishi nayo. Kama ukuta wa kamba unavukwa kila siku mahali pale pale, hapo panahitaji geti. Kosa la majivu linafutwa kwa ufagio. Kosa la saruji linafutwa kwa sadaka.

Nne, bei ukutani. Tuandike kwenye karatasi kubwa gharama ya kila kitu: ukuta kwa mita, choo, simtanki, taa ya sola, benchi, kuziba na kusafisha mtaro. Tuandike na kiasi tulichonacho. Vijana wapange vipaumbele ndani ya kiasi hicho. Ajuaye bei huomba kwa kiasi. Pengine wao wataona kwamba chemchemi moja ni sawa na choo na taa, na uamuzi hautahitaji hotuba.

Tano, daftari la maombi na majibu. Kila ombi liandikwe, pembeni yake jibu, na sababu ya jibu. Daftari likae ofisi ya mtaa, mtu yeyote alisome.

Sita, ufunguo na mapato. Kamati ya uendeshaji iundwe kabla ya ujenzi, nusu yake vijana, na kati ya vijana hao nusu wasichana. Iamue nani anashika ufunguo, nani anasafisha choo, na kibanda cha matunda au maji kitamlipa nani. Bustani nyingi hufa kwa kukosa ufagio, si kwa kukosa mchoro.

Baada ya hapo mchoro mpya uende kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, kisha kwa afisa mipangomiji wa manispaa. Ofisi zipo hapa hapa Buswelu, hatuna kisingizio cha nauli.

Juu ya muda wa vikao tunaomba busara. Kijana wa bodaboda akikaa kikaoni saa tatu asubuhi, jioni bosi wake bado anadai hesabu. Binti akiitwa saa moja usiku, mama yake hatamruhusu, na atakuwa sahihi. Tukikutana saa zinazotufaa sisi, tutapata vijana wale wale wenye kusema vizuri, na tutadhani tumesikia wote. Hatupendekezi posho za vikao. Tunapendekeza kwenda walipo, kwa muda mfupi, pamoja na chai na maandazi.

Hofu za wazee

Tumesikia hofu zenu, na hatuzidharau.

Mmesema tusipojenga ukuta na geti watavuta bangi. Sisi tumejionea kwamba mvutaji hutafuta mahali pasipo na watu na pasipoonekana. Ukuta mrefu unampa yote mawili. Njia inayopitwa, taa inayowaka na bibi anayeuza karanga humwondoa bila polisi.

Mmesema ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli, haikeshi. Lakini tukiwa wakweli, ngoma yetu ya kata ile nyingine nayo haikukesha, na wapigaji walikuwa watu wazima watupu. Ngoma hukesha pale wakubwa na wadogo wanapopokezana.

Mmesema muda unapita na bei ya saruji inapanda. Ni kweli pia, na hapo hatuna jibu jepesi. Huenda baada ya miezi mitatu fedha hizo zikanunua mifuko michache kuliko leo. Sisi tunaona ni afadhali kununua mifuko michache ya kujengea kinachotakiwa.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Wajumbe wa kamati, mchana huu tunaomba msiidhinishe malipo ya ukuta wala ya kupasua majabali. Idhinisheni kiasi kidogo cha kazi ya miezi mitatu, na kila usharika uchague kijana wa kiume na wa kike watakaofanya kazi na vijana wa mtaa, wa dhehebu lolote na wa dini yoyote. Eneo ni la mtaa, si la kanisa. Sisi ni wasaidizi.

Wafadhili wetu wapendwa, tunajua mlitarajia picha ya msingi katika taarifa ya robo mwaka hii. Hamtaipata. Mtapata picha ya kamba na majivu, na watu wa kwenu watauliza ni nini hiki. Tunaomba mtusaidie kuwaeleza. Miradi mingi ina kifungu cha saruji na haina kifungu cha mazungumzo, kwa hiyo mazungumzo hufanywa haraka, kwa jina tu. Mwisho wa miezi mitatu tutawaletea michoro miwili, wa zamani na mpya, pamoja na orodha ya kilichobadilika na ni neno la nani lililokibadilisha, bila kutaja majina ya watoto. Mkiona michoro hiyo miwili inafanana, tuulizeni tulikuwa tunafanya nini. Mtakuwa na haki.

Na ninyi vijana, tunawaomba jambo gumu. Mmeitwa mara nyingi na mambo hayakubadilika, na mna sababu ya kutotuamini. Njooni mara hii moja na daftari lenu wenyewe. Andikeni tunayoahidi. Tukikosa, tusomeeni mbele ya mkutano wa mtaa.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, anauona mji uliorudishiwa amani. Haonyeshi kwanza kuta wala majumba. Anawaonyesha wazee wamekaa njiani na mikongojo yao, na katika mji huo huo wavulana na wasichana wanacheza. Wote wawili, mahali pamoja, bila mmoja kumfukuza mwingine. Tukiupima mji kwa kipimo hicho, Buswelu bado ina kazi, na kazi yenyewe si kubwa kupita nguvu zetu. Ni eneo moja, mwembe mmoja, majabali kadhaa na choo.

Kabla hatujaketi, tunawaomba vijana mlioko mlangoni mje mkae mbele. Viti hivi ni vyenu. Mkutano wa mchana utaanza kwa kuwasikiliza ninyi.